Mwongozo wa Kuandika Wasifu wa Kazi kwa Mwanachuo na Mhitimu Mpya

Mwanachuo anayeandika wasifu wake wa kazi kwa mara ya kwanza hujaza jina, anwani na shule alizosoma bila taabu, kisha hufika penye kichwa cha "Uzoefu wa Kazi" na kukwama. Hajawahi kuajiriwa, hivyo anaona hana la kuandika. Wengine hukiacha kichwa hicho kitupu, wengine hukifuta, na wengine huziba pengo kwa maneno kama "mchapakazi", "mwaminifu" na "mwepesi wa kujifunza", ambayo kila mwombaji huyaandika na hakuna msomaji anayeweza kuyapima. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Anachotafuta mwajiri katika karatasi ile ni ushahidi wa kazi, na ushahidi huo mwanachuo huwa anao, ila umetawanyika katika miradi ya darasani, vyama vya wanafunzi, mafunzo kwa vitendo na shughuli ndogondogo ambazo yeye mwenyewe hajawahi kuziita kazi.

Jina la Kilatini curriculum vitae, ambalo limefupishwa kuwa CV, lina maana ya mwenendo wa maisha, na huenda maana hiyo ndiyo inayowafanya wengi waanze kusimulia maisha yao tangu darasa la kwanza. Ni vyema pia kujua kwamba nchini Marekani na Kanada watu hutenganisha rezume, ambayo ni muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili wa kuombea kazi, na CV ya wanataaluma, ambayo huorodhesha tafiti na machapisho na inaweza kuwa na kurasa nyingi. Katika nchi nyingine nyingi neno CV hutumika kwa vyote viwili. Hapa ninazungumzia ule muhtasari mfupi, kwa kuwa ndio unaohitajiwa na mhitimu anayetafuta kazi yake ya kwanza.

Hatua ya kwanza: Kusanya malighafi

Kosa la mwanzo ni kufungua kiolezo kilichopambwa na kuanza kujaza visanduku vyake. Kiolezo humfanya mwandishi afikirie visanduku badala ya kuzifikiria kazi alizozifanya, na kisanduku kikiwa kikubwa kuliko alichonacho, hukijaza kwa maneno matupu. Afadhali uanze na faili tupu ambalo hutamwonyesha mtu yeyote, utenge saa moja au mbili, na uandike kila jambo ulilolifanya tangu uingie chuoni, bila kulipanga na bila kuamua kama ni kubwa au dogo.

Pitia mihula yako mmoja baada ya mwingine. Katika kila muhula jiulize ni kazi gani ya darasani iliyokuchukua zaidi ya wiki mbili, mlikuwa wangapi, sehemu yako ilikuwa ipi, na mwishowe kilitoka nini: ripoti, programu ya kompyuta, mchoro, uchambuzi wa takwimu au wasilisho mbele ya darasa. Yakumbuke mafunzo kwa vitendo, hata yakiwa ya majuma machache. Ukumbuke uongozi wa darasa, chama cha wanafunzi, timu ya michezo, kwaya, jarida la chuo na mashindano uliyoingia. Zikumbuke kazi za kulipwa zisizohusiana kabisa na fani yako, kama vile kuuza dukani, kufundisha watoto masomo ya ziada, kupokea wageni au kutunza hesabu za biashara ya familia. Wahitimu wengi huzificha kazi za namna hii kwa kuona haya, na hilo linanisikitisha, kwa sababu mtu aliyefungua duka kila asubuhi kwa miaka miwili huku akisoma ameshathibitisha nidhamu ambayo wenzake wanaidai kwa maneno tu.

Kwa kila jambo andika mambo manne: lini, pamoja na nani, ulifanya nini hasa, na ni kipi kilichobadilika kwa sababu yako. Hilo la nne ndilo gumu, nalo lina thamani kuliko mengine yote. Aliyekuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi huandika "nilikuwa mweka hazina" akaona amemaliza. Akijiuliza ni kipi kilichobadilika, atakumbuka kwamba aliikuta michango ikiandikwa kwenye vipande vya karatasi, akaihamishia kwenye lahajedwali, na kwamba mwaka ule taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa mbele ya wanachama kwa tarehe iliyopangwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Hapo pana kazi, pana njia iliyotumika na pana matokeo, na mwanachama yeyote wa wakati ule anaweza kuyathibitisha.

Tafuta na namba, kwa sababu humpa msomaji kipimo. Wanachama walikuwa wangapi, dodoso ngapi zilikusanywa, uliwafundisha watoto wangapi na mara ngapi kwa wiki? Namba usiyoikumbuka vizuri itafute katika kumbukumbu za zamani au muulize mliyefanya naye kazi, na ukiikosa, iache. Faili hili lihifadhi na uliongezee kila muhula unapokwisha, maana baada ya mwaka mmoja tu utakuwa umesahau nusu ya uliyoyafanya. Litakuwa refu na lisilo na mpangilio, na hakuna ubaya wowote, kwani kila wasifu utakaoutuma baadaye utachotwa humo.

Hatua ya pili: Lisome tangazo kwa kalamu mkononi

Tangazo la kazi huchanganya vitu vya aina mbili. Yapo masharti ambayo asiyekuwa nayo hafikiriwi, kama vile shahada fulani au leseni ya taaluma, na yapo matarajio ambayo mwajiri angefurahi kuyapata lakini hayamzuii mtu kuitwa kwenye usaili. Ukikosa sharti, usipoteze muda wako wala wake. Ukikosa moja au mawili kati ya matarajio, omba. Kisha pigia mstari vitenzi vilivyotumika na majina ya vifaa au programu zilizotajwa. Ukikuta "kukusanya na kuchambua takwimu", "kuandaa ripoti za kila mwezi" na "kuwasiliana na wateja", rudi kwenye faili lako na uchague, kwa kila kimoja, tukio moja au mawili yanayoonyesha kwamba uliwahi kufanya jambo hilo au linalofanana nalo. Mengine yaache palepale yasubiri tangazo jingine.

Uchaguzi wa namna hii ni wa zamani kuliko ofisi za ajira. Katika miaka ya 1480 Leonardo da Vinci alimwandalia Ludovico Sforza, mtawala wa Milano, barua ya kuomba kazi. Sforza alikuwa na vita mawazoni, hivyo barua ile ilianza na madaraja mepesi ya kubebeka, mitambo ya kuzingira ngome na magari ya vita yaliyofunikwa, na ilifika mwisho kabisa ndipo ikataja kwamba mwandishi wake pia anaweza kuchonga sanamu na kuchora. Mtu ambaye dunia nzima inamjua kwa uchoraji wake aliuweka uchoraji mwishoni, kwa sababu msomaji wake hakuwa akitafuta mchoraji.

Ikiwa hakuna tangazo na unaomba nafasi kwa kujitambulisha tu, tafuta matangazo matatu au manne ya nafasi inayofanana nayo na uyasome pamoja. Yanayorudiwa katika yote ndiyo yanayotakiwa na fani hiyo.

Hatua ya tatu: Amua mpangilio na urefu

Mpangilio unaomfaa mhitimu ni ule wa kurudi nyuma, ambapo jambo la karibuni hutangulia na la zamani hufuata. Kwa anayesoma bado au aliyehitimu ndani ya mwaka mmoja au miwili, elimu hukaa juu, kisha mafunzo kwa vitendo na kazi, miradi, uongozi na kazi za kujitolea, halafu stadi. Ikiwa umepata mafunzo kwa vitendo yanayolingana moja kwa moja na nafasi unayoiomba, yapandishe juu ya elimu bila kusita. Upo mpangilio mwingine wa kuorodhesha stadi peke yake na kuziondoa tarehe, nao hupendekezwa mara nyingi kwa wasio na uzoefu, lakini mimi siupendekezi, kwa kuwa msomaji hawezi kujua stadi ipi ilitumika wapi, na tarehe zinapokosekana huanza kushuku kwamba kuna kinachofichwa.

Ukurasa mmoja unatosha. Miwili inavumilika kwa mwenye miradi mingi ya kitaalamu au aliyefanya kazi kabla ya kujiunga na chuo. Kampuni ya Marekani iitwayo Ladders ilipima mwendo wa macho ya watu wanaochambua maombi, na mwaka 2012 ikatangaza kwamba mtazamo wa kwanza huchukua sekunde 6 hivi. Mwaka 2018 ikataja sekunde 7.4. Upimaji ule wa 2012 ulihusisha watu 30 tu, kwa hiyo namba hizo si za kukaririwa kama sheria. Hata hivyo, kila aliyewahi kukabidhiwa rundo la maombi anajua kwamba mara ya kwanza hupitia kwa jicho, na husoma kwa makini yale tu yaliyomshika. Ndiyo maana theluthi ya juu ya ukurasa wa kwanza inapaswa kubeba mambo yako yenye nguvu zaidi.

Hatua ya nne: Kichwa na taarifa binafsi

Juu kabisa weka jina lako kwa herufi kubwa kidogo kuliko nyingine, kisha namba ya simu, barua pepe na mji unaoishi. Anwani ya barua pepe iwe ya jina lako; ile uliyoifungua ukiwa kijana mdogo kwa jina la utani ibaki ya marafiki. Anwani ya chuo nayo ina hatari yake, kwa kuwa vyuo vingi huzifunga baada ya mwanafunzi kuhitimu, na barua ya kukuita kwenye usaili inaweza kuangukia mahali ambapo hutaiona. Kama una ukurasa wa kitaaluma mtandaoni au mahali palipohifadhiwa kazi zako, weka kiungo chake, baada ya kuhakikisha kwamba kinafunguka na kwamba yaliyomo hayapingani na yaliyo kwenye wasifu.

Kuhusu picha, umri, jinsia, dini na hali ya ndoa, desturi hutofautiana sana. Marekani na Uingereza mambo hayo huachwa nje kabisa. Ujerumani waombaji wengi bado huweka picha, ingawa baada ya sheria ya usawa ya mwaka 2006 waajiri wengi hawaidai tena. Japani ipo fomu maalumu ya wasifu iitwayo rirekisho, yenye nafasi ya kubandika picha. Fuata desturi ya mahali kazi ilipo, na pale ambapo tangazo halijadai taarifa hizo, ziache. Zinaachwa kwa sababu ya upendeleo, ambao umethibitishwa. Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio ambalo walituma karibu nakala 5,000 za wasifu wa kubuni kwa waajiri wa Boston na Chicago, wakiyagawa majina kwa bahati nasibu. Waliopewa majina yanayodhaniwa kuwa ya Wazungu waliitwa kwa kiwango kilichozidi kwa asilimia 50 kile cha waliopewa majina yanayodhaniwa kuwa ya Wamarekani weusi. Jina huwezi kulificha, lakini hakuna haja ya kumpa msomaji sababu nyingine za kukuhukumu nje ya kazi yako.

Hatua ya tano: Muhtasari, utakaouandika mwisho

Chini ya kichwa huja sentensi mbili au tatu za kujitambulisha. Ziache kwanza, uandike sehemu nyingine zote, kisha urudi, maana huwezi kufupisha kisichokuwapo. Muhtasari dhaifu huzungumzia matamanio ya mwombaji: "Ninatafuta nafasi katika taasisi yenye hadhi ili nikuze taaluma yangu na kutimiza ndoto zangu." Mwajiri hapati kitu humo. Muhtasari wenye nguvu humwambia wewe ni nani, umefanya nini na unaomba nini: "Nimehitimu shahada ya takwimu, na katika miezi mitatu ya mafunzo kwa vitendo nilisafisha na kuchambua majibu ya dodoso 420 kwa kutumia programu ya takwimu ya R. Ninaomba nafasi ya mchambuzi msaidizi, na uandaaji wa ripoti za kila mwezi uliotajwa katika tangazo ni kazi niliyoifanya." Kama baada ya kujaribu mara kadhaa huna la kusema isipokuwa sifa, uondoe muhtasari wote na uiachie elimu nafasi hiyo.

Hatua ya sita: Elimu

Taja shahada au stashahada kwa jina lake kamili, chuo, na mwezi na mwaka wa kuhitimu. Kama bado unasoma, andika mwezi unaotarajia kuhitimu. Wastani wa alama uweke ukiwa mzuri au ukidaiwa, daima pamoja na kipimo chake, kwa sababu 3.8 kati ya 5 na 3.8 kati ya 4 ni habari mbili tofauti. Masomo yaliyosomwa yasiorodheshwe yote. Chagua matatu au manne yanayohusiana na kazi. Tasnifu au mradi wa mwisho upewe mstari mmoja au miwili unaoeleza swali lake, njia iliyotumika na kilichopatikana, kwa lugha ambayo mtu asiye wa fani yako ataielewa. Shule ya sekondari inaweza kubaki ukiwa mwaka wa kwanza au wa pili, na baada ya hapo iondoke. Shule ya msingi haina nafasi hata kidogo.

Hatua ya saba: Uzoefu, mahali ambapo maombi mengi huanguka

Kila shughuli iwe na kichwa kinachoonyesha cheo au nafasi, mahali, na muda kwa miezi na miaka, kisha mistari miwili hadi minne ya maelezo. Kichwa cha sehemu nzima hakilazimiki kuwa "Ajira". "Uzoefu" peke yake huruhusu mafunzo kwa vitendo, kazi ya muda, mradi na kazi ya kujitolea kukaa pamoja kihalali, ilimradi kila kimoja kitajwe kwa jina lake la kweli.

Katika mistari ya maelezo, tatizo liko kwenye vitenzi. Anayeandika kwa Kiswahili huvutwa na kitenzi-jina: "Kuandaa ripoti. Kupokea wageni. Kutunza kumbukumbu." Mistari hiyo inasomeka kama orodha ya majukumu aliyopangiwa mtu, na haisemi kama aliyatekeleza. Badilisha iwe "Niliandaa", "Nilipokea", "Nilitunza", na ukianza hivyo endelea hivyo hadi mwisho, isipokuwa kwa shughuli ambayo bado unaifanya, ambayo itachukua "ninaandaa". Epuka pia "nilihusika katika", "nilishiriki kwenye" na "nilisaidia kazi mbalimbali". Maneno haya hutumiwa kwa unyenyekevu, na unyenyekevu ni tabia njema, lakini hapa humwacha msomaji asijue kama uliongoza kazi, uliifanya, au ulikuwapo tu ikifanywa na wengine. Kama mlikuwa kikundi, itaje kazi ya kikundi kisha useme sehemu yako: "Tukiwa wanafunzi watano, tulitengeneza mfumo wa kuazima vitabu, mimi niliandika sehemu ya kutafuta vitabu na kuijaribu kwa watumiaji 20."

Mstari mzuri una kitenzi cha kazi, kitu kilichofanyiwa kazi, njia, na matokeo au kipimo. Chukua mwanafunzi wa uhasibu aliyeandika "Nilisaidia idara ya fedha katika kazi za kila siku." Tukimuuliza alichokuwa akikifanya kila asubuhi, atasema alikuwa akilinganisha stakabadhi na taarifa za benki. Ngapi? Kama 60 kwa siku. Alipokuta tofauti alifanya nini? Aliziandika kwenye jedwali na kumkabidhi msimamizi kila Ijumaa. Basi mstari wake ni huu: "Nililinganisha stakabadhi takriban 60 kwa siku na taarifa za benki, na kila Ijumaa nilimkabidhi msimamizi jedwali la tofauti zilizopatikana." Hakuongeza chumvi hata punje moja, ametoa tu yaliyokuwa yamefichwa na neno "nilisaidia". Zoezi hili la kujiuliza maswali lifanye kwa kila mstari, na ikiwezekana mpe rafiki akuulize, kwa sababu mtu huiona kazi yake mwenyewe kuwa ya kawaida mno.

Kazi isiyo ya fani yako nayo ieleze kwa upande unaomgusa mwajiri. Aliyekuwa muuzaji na sasa anaomba nafasi ya huduma kwa wateja ataje idadi ya wateja aliowahudumia na jinsi alivyoshughulikia malalamiko. Akiomba nafasi ya uhasibu, ataje fedha alizokabidhiwa kila siku na ufungaji wa hesabu za jioni. Kazi ni ileile, na yote mawili ni kweli.

Ukweli wenyewe usiguswe. Tarehe zisirefushwe ili kuziba mapengo, cheo kisipandishwe, na programu ambayo uliifungua mara mbili usiiite stadi. Mwajiri anaweza kupiga simu mahali ulipofanya mafunzo, anaweza kukupa kompyuta kwenye usaili, na udanganyifu unaogunduliwa baada ya kuajiriwa ni sababu inayotosha kumwachisha mtu kazi.

Ni vizuri niseme neno hapa kuhusu programu za akili unde, ambazo wanachuo wengi wanazitumia. Zinaweza kukusaidia kufupisha sentensi au kugundua makosa ya tahajia. Ukiziomba zikuandikie sehemu ya uzoefu, zitaleta sentensi laini zinazomfaa mtu yeyote, na wakati mwingine zitaongeza namba na mafanikio ambayo hukuyasema. Kila neno zililoliweka utaulizwa wewe.

Hatua ya nane: Stadi na lugha

Orodhesha stadi zinazoweza kupimwa: programu za kompyuta, lugha za programu, vifaa vya maabara, leseni, vyeti. Zipange kwa makundi na zile zilizotajwa katika tangazo zitangulie. "Mawasiliano mazuri" na "kufanya kazi na wenzangu" hazina kazi hapa, kwa kuwa mahali pake pa kuthibitishwa ni kwenye sehemu ya uzoefu. Vijisanduku au nyota za kuonyesha kiwango haziwasaidii wasomaji. Hakuna ajuaye nyota nne za Excel ni nini. Sema badala yake unachoweza kukifanya nayo. Kwa lugha kipo kipimo kinachoeleweka katika nchi nyingi, yaani ngazi sita kuanzia A1 hadi C2 zilizochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Kama umefanya mtihani unaotumia ngazi hizo, taja ngazi uliyofikia, na kama hukufanya, eleza kwa maneno kama unaandika, unazungumza au unasoma tu.

Hatua ya tisa: Wadhamini

Tangazo likitaka wadhamini, weka wawili au watatu pamoja na vyeo na mawasiliano yao. Lisipotaka, usitumie nafasi kwa ajili yao, wala usiandike kwamba watatajwa wakihitajika. Mhadhiri aliyesimamia tasnifu yako au msimamizi wa mafunzo kwa vitendo ana uzito kuliko mtu mwenye cheo kikubwa asiyekujua kikazi. Mwombe kila mmoja ruhusa kabla ya kumtaja, mtumie wasifu wenyewe na tangazo la kazi, na umkumbushe kwa heshima ni kazi gani mlifanya pamoja, kwa kuwa mhadhiri amewafundisha wanafunzi wengi na simu inaweza kumkuta hakukumbuki.

Hatua ya kumi: Sura ya karatasi na programu zinazoisoma

Tumia fonti moja iliyo rahisi kusomeka, ya ukubwa wa pointi 10 hadi 12, na pambizo za sentimita 2 hivi kila upande. Ukubwa wa karatasi ni A4, milimita 210 kwa 297, isipokuwa unaomba kazi Marekani au Kanada, ambako karatasi ya kawaida ni ya milimita 216 kwa 279. Tarehe zote ziandikwe kwa mtindo mmoja na zipangwe upande mmoja.

Waajiri wengi, hasa makampuni makubwa, hupokea maombi kupitia programu inayosoma wasifu na kuuhifadhi kwenye hifadhidata kabla mtu hajauona, na mwajiri hutafuta humo kwa maneno. Programu hizo husumbuliwa na safu mbili zilizokaa sambamba, majedwali, maandishi yaliyo ndani ya picha, na mawasiliano yaliyowekwa kwenye eneo la kichwa-ukurasa. Safu moja kutoka juu hadi chini, yenye vichwa vya kawaida kama "Elimu" na "Uzoefu", hupita salama. Tumia pia maneno yaleyale ya tangazo pale yanapokuhusu kweli: kama tangazo limesema "udhibiti wa ubora", usiandike "uangalizi wa viwango". Wapo wanaoficha maneno ya tangazo kwa rangi nyeupe ili programu iyaone na mtu asiyaone. Maandishi hayo hujitokeza mara tu programu inapoyatoa maneno bila rangi, na mwombaji huonekana mdanganyifu.

Faili la kutuma liwe la PDF, kwa kuwa mfumo huo, ulioanzishwa na Adobe mwaka 1993 na kufanywa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2008, huonyesha ukurasa uleule kwenye kompyuta yoyote. Ikiwa tangazo limetaja aina nyingine ya faili, lifuate tangazo. Kwa jaribio la haraka, fungua PDF yako, nakili maandishi yote na uyabandike kwenye faili tupu. Yakitoka yamevurugika, programu ya mwajiri nayo huenda itayaona hivyo.

Lugha ya wasifu iwe ile ya tangazo. Usichanganye lugha mbili katika ukurasa mmoja, isipokuwa majina rasmi ya vyeti na programu.

Hatua ya kumi na moja: Hakiki, kisha tuma

Uache wasifu ulale usiku mmoja. Siku ya pili usome kwa sauti, halafu uchapishe na uusome kwenye karatasi, maana jicho huruka makosa ya kwenye skrini. Piga namba ya simu uliyoiandika ili uhakikishe ni yako, na ujitumie barua pepe kwa anwani iliyo kwenye kichwa. Mpe mtu mmoja wa fani yako na mwingine asiyeijua kabisa. Yule wa kwanza atagundua makosa ya kitaalamu, na wa pili akuambie baada ya nusu dakika ni kazi gani anadhani unaomba. Akikosea, rudi kwenye theluthi ya juu ya ukurasa.

Faili lipe jina linalokutambulisha, yaani jina lako na nafasi unayoiomba, kwa sababu anayepokea mafaili mia moja yenye jina "wasifu mpya" hawezi kuyatofautisha. Ambatanisha barua ya maombi ikidaiwa, na usitume dakika ya mwisho, kwani siku ya mwisho ndiyo siku ambayo tovuti za maombi huelemewa.

Kisha, kabla ya kuhamia kwenye tangazo jingine, fungua folda yenye jina la mwajiri na uweke humo nakala ya wasifu uleule uliomtumia pamoja na nakala ya tangazo. Matangazo mengi huondolewa mtandaoni muda wake ukiisha, na simu ya kukuita inaweza kuja wiki sita baadaye, wakati umeshatuma maombi mengine kumi yenye mistari tofauti; utakapoketi mbele ya wasaili, uwe umeisoma asubuhi hiyo karatasi ileile iliyo mikononi mwao.